Baisikeli na Ipimwe kwa Mwenye Kuipanda

Ukisimama asubuhi penye lango la shule yetu hapa Jinja, dakika chache kabla kengele haijalia, utaona mambo ya kuchekesha. Mvulana mmoja aja na baisikeli magoti yakipanda karibu na kifua, kama panzi atakaye kuruka. Wa pili nyonga zake zaenda huku na huku kama za bata, kwa kuwa miguu yake haifiki pedeli ila kwa kunyoshwa. Wa tatu amelala mbele juu ya usukani, na akishuka hushika kiuno kama mzee atokaye shambani. Waulize wote watatu, nao watajibu neno moja: "Baisikeli hii ni mbaya." Mimi nasema kwamba nyingi katika hizo si mbaya hata kidogo. Shida yake ni kwamba hazijapimwa kwa mwenye kuzipanda.

Jambo hili sikulipata vitabuni kwanza. Nalijua kwa magoti yangu mwenyewe. Kwetu ni kaskazini ya Jinja, kando ya njia ya Kamuli, mwendo wa kilometa 11 hivi mpaka shuleni. Nilipoingia kidato cha tatu nilipewa baisikeli ya baba yangu mkubwa, nikafurahi sana, maana hapo kabla nilikuwa nikienda kwa miguu. Lakini haukupita mwezi magoti yakaanza kuniuma upande wa mbele, chini kidogo ya pia ya goti. Kufika mwisho wa muhula nilikuwa nikipanda ngazi za darasani nimeshika ukuta. Mama alidhani ni ugonjwa wa mifupa. Fedha za kunilaza bwenini hazikuwapo. Kwa hiyo ilikuwa ama magoti yapone ama mimi niache shule.

Siku moja nilimpelekea fundi mmoja mzee gurudumu lililotoboka. Alipokwisha kuziba tundu aliniambia nipande nizunguke mti mara mbili. Nikazunguka. Baisikeli hakuitazama kabisa. Alitazama miguu yangu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, kiti hiki kiliwekwa na nani?" Nikasema, "Na baba mkubwa, mzee." Akauliza, "Naye ni mrefu kama wewe?" Nikasema, "La, ni mfupi." Akacheka, akasema, "Basi miguu yako yalipa deni la miguu yake." Akashika spana, akakiinua kiti kiasi cha upana wa vidole vinne. Sikulipa ila bei ya kiraka. Baada ya majuma matatu maumivu yalikuwa yamekwisha, na njia ile ile ikawa kama imefupishwa.

Tangu siku ile nimeuliza, nimesoma na nimejaribu, na haya ndiyo niliyoyapata. Naomba radhi kwa wakubwa wetu mliotangulia, kwani wengi wenu mlipanda baisikeli kabla sisi hatujazaliwa. Huenda hata ninyi mtapata jambo humu.

KWA NINI BAISIKELI HUWEZA KUPIMWA

Hapo zamani jambo hili halikuwezekana. Katika miaka ya 1870 baisikeli za Ulaya zilikuwa na gurudumu moja kubwa sana mbele na dogo nyuma, na pedeli zilikuwa zimefungwa katika lile gurudumu kubwa lenyewe. Gurudumu likizidi ukubwa, mwendo ulizidi, lakini kipimo chake kilikomea kwenye urefu wa miguu ya mtu. Mwenye miguu mirefu alinunua gurudumu kubwa, na mfupi alinunua dogo. Tena mtu alikaa juu mno, karibu juu ya ekseli ya mbele, hata jiwe dogo njiani liliweza kumrusha kichwa mbele.

Mwaka 1885 John Kemp Starley, mtu wa mji wa Coventry huko Uingereza, alitoa baisikeli aliyoiita Rover. Magurudumu yake yalikaribiana kwa ukubwa, na pedeli zilikaa katikati zikivuta gurudumu la nyuma kwa mnyororo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop wa Belfast alipata hati ya tairi la kujazwa upepo. Tangu hapo kiti kiliweza kupandishwa na kushushwa, na usukani vivyo hivyo, bila kubadili gurudumu. Baisikeli za chuma tunazoziona Busoga, zile nyeusi zenye fremu kubwa na keria nyuma, ni wajukuu wa Rover ile. Zimeundwa ziweze kumfuata mtu. Basi ni ajabu kuona mtu akiifuata baisikeli mpaka magoti yakamharibikia, na nati ya kulegeza iko pale pale chini yake!

Kazi yenyewe ina hatua nne, nazo zafuatana: urefu wa kiti, mahali pa kiti, miguu, kisha usukani. Usianze na usukani. Ukibadili kiti baadaye, usukani utakuwa umekosea tena, nawe utakuwa umefanya kazi mara mbili.

KWANZA: UREFU WA KITI

Vua viatu, simama ukiegemeza mgongo ukutani, miguu ikiachana kiasi cha sentimeta 15. Chukua kitabu kigumu, atlasi ya shule yafaa sana, ukitie katikati ya mapaja, ukingo wake mmoja ukigusa ukuta. Kivute juu mpaka kikaze, kana kwamba umekaa juu ya kiti cha baisikeli. Mwenzako na aweke alama ya penseli ukutani penye ukingo wa juu wa kitabu. Pima toka sakafuni hata alama ile. Hicho ndicho kipimo cha mguu wako kwa ndani.

Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Uingereza, Hamley na Thomas, walieleza matokeo ya majaribio yao juu ya waendesha baisikeli. Waliona kwamba mtu hutumia nguvu zake vizuri zaidi kama umbali toka pedeli hata juu ya kiti ni asilimia 109 ya kipimo hicho. Tufanye hesabu. Mguu wangu kwa ndani ni sentimeta 80. Nikizidisha 80 kwa 1.09 napata 87.2. Basi nazungusha pedeli mpaka mkono wake ushuke chini kabisa, katika mstari mmoja na bomba la kiti, kisha napima toka katikati ya pedeli hata juu ya kiti. Kiti changu, kama kilivyokuwa kwa baba mkubwa, kilikuwa sentimeta 80 tu. Sentimeta saba zilikuwa zimepungua, na magoti ndiyo yaliyozilipa.

Usiye na utepe wa kupimia fanya hivi. Panda baisikeli, mwenzako aishike au wewe uegemee ukuta. Weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyoke sawasawa bila nyonga kuinama upande. Sasa rudisha mguu mahali pake pa kuendeshea, yaani sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya vidole. Utaona kwamba goti limekunjika kidogo. Kukunjika huko ndiko tutakako.

Dalili ni hizi. Kiti kikiwa chini mno, goti huuma mbele. Kikiwa juu mno, goti huuma nyuma, na mtu atazamaye kwa nyuma ataona nyonga zako zikicheza kushoto na kulia. Ukibadili kwa kiasi kikubwa, usibadili chote kwa siku moja. Inua sentimeta moja au mbili, panda siku chache, kisha uinue tena. Yule fundi aliniinulia kiti changu kwa mara moja, na juma la kwanza mapaja yaliniuma kwa namna nyingine, kwa kuwa misuli iliyokuwa imelala iliamshwa kwa ghafula.

Jihadharini na jambo moja. Nguzo ya kiti, yaani lile bomba jembamba liingialo ndani ya fremu, lina alama ya mwisho. Alama hiyo isionekane nje. Kama hakuna alama, hakikisha kwamba zimebaki ndani walau sentimeta 6 au 7. Ikiwa kidogo kuliko hivyo, siku moja utapita juu ya shimo, nguzo itavunjika au itapasua fremu, nawe utakuwa juu yake.

Sasa wako wenzetu watakaosema, "Ndugu, kiti kikiwa juu hivyo miguu yangu haifiki chini nikisimama." Neno hilo ni kweli, nalo lataka akili. Mtu aendaye njia ndefu bila mzigo hana hasara. Akitaka kusimama atashuka mbele ya kiti, aweke mguu chini. Lakini mtu abebaye abiria mjini, asimamaye kila mara katikati ya watu na magari, lazima vidole vyake viguse ardhi haraka. Huyo ashushe kiti kidogo, akijua kwamba ananunua usalama wa kusimama kwa kuuza nguvu kidogo ya magoti. Na anayejifunza afanye vivyo hivyo mpaka azoee.

PILI: MAHALI PA KITI

Chini ya kiti mna kishikio chenye nati pande mbili. Ukizilegeza, kiti huweza kuinamishwa, tena huweza kusogezwa mbele na nyuma. Kwanza kilaze sawasawa. Weka ubao mnyofu juu ya kiti, toka nyuma hata puani, na juu ya ubao weka chupa ndogo iliyolazwa yenye maji kidogo. Chupa isibingirike wala maji yasikimbilie upande mmoja. Pua ya kiti ikielekea juu itakuumiza mahali ambapo si vema kupataja katika gazeti la shule. Ikielekea chini utakuwa ukiteleza mbele siku nzima, na mikono itachoka kwa kukurudisha.

Kisha tafuta mahali pake. Mpate mwenzako mwenye uzi na nati moja nzito, mfano wa timazi ya waashi. Kaa juu ya kiti, mikono ya pedeli iwe imelala sawa na ardhi, mmoja mbele na mmoja nyuma. Uzi na ushushwe toka mbele ya goti la mguu ulio mbele, pale penye kifundo cha mfupa chini ya pia ya goti. Kama uzi wapita penye chuma cha katikati cha pedeli, kiti ni sawa. Ukianguka mbele ya pedeli, rudisha kiti nyuma. Ukianguka nyuma yake, kisogeze mbele. Hii si sheria ya serikali, ila ni mahali pema pa kuanzia. Ukimaliza kaza nati kidogo kidogo, huku na huku, usimalize upande mmoja kwanza. Kisha pima urefu tena, maana kukirudisha kiti nyuma ni kukiweka mbali zaidi na pedeli.

TATU: MIGUU

Wengi wetu hukanyaga pedeli kwa katikati ya unyayo, na wengine kwa kisigino. Mguu hauna nguvu hapo, tena huteleza kwa urahisi mvua ikinyesha. Kanyaga kwa ile sehemu pana iliyo nyuma ya vidole, iwe juu ya chuma cha katikati cha pedeli. Usilazimishe vidole kutazama mbele kabisa kama askari katika gwaride. Kaa mezani, acha miguu ining'inie, uitazame: ikiwa vidole vyako hutazama nje kidogo kwa asili, na vitazame hivyo hivyo juu ya pedeli. Mguu ukipindwa chini, goti ndilo liumialo juu.

Tazama pedeli nazo. Pedeli iliyopinda hupinda na kifundo cha mguu kila inapozunguka, na katika njia ya kilometa 11 mguu huzunguka maelfu ya mara. Ukitaka kuibadili, kumbuka kwamba pedeli ya kushoto ina uzi wa skrubu uliogeuzwa. Namna rahisi ya kukumbuka ni hii: spana ikiwa imesimama juu ya pedeli, ukiivuta kuelekea gurudumu la mbele unakaza, na ukiivuta kuelekea gurudumu la nyuma unalegeza, pande zote mbili. Nimeona mvulana mwenye nguvu akikaza kwa jasho pedeli aliyodhani anailegeza, mpaka uzi wa skrubu ukafutika.

NNE: USUKANI

Kwa safari zetu za kila siku, usukani uwe sawa na kiti kwa urefu, au juu yake kidogo. Wale wa mashindano huuweka chini ili wakate upepo, lakini wao hawabebi vitabu wala kuni. Ukishika usukani, viwiko vikunjike kidogo. Mikono iliyonyoka kama fimbo huleta kila mtikisiko wa njia mabegani na shingoni, tena haiwezi kugeuza upesi mbuzi akikatiza njia. Mafundi wa zamani walikuwa na kipimo chao: weka kiwiko penye pua ya kiti na unyoshe mkono mbele, ncha za vidole zikaribie kuugusa usukani.

Ili kuupandisha au kuushusha, legeza skrubu ndefu iliyo juu ya shina la usukani, mizunguko miwili au mitatu, usiitoe yote. Weka kipande cha ubao juu ya skrubu, ukigonge kwa nyundo mara moja, nayo kabari iliyo ndani itaachia. Usipige chuma kwa chuma. Shina hili nalo lina alama ya mwisho kama nguzo ya kiti, nayo ni hatari zaidi, kwani usukani ukitoka mkononi huna tena la kufanya. Kisha simama mbele ya baisikeli, bana gurudumu kwa magoti, unyoshe usukani uwe sawasawa na gurudumu, halafu ukaze. Jaribu kuuzungusha kwa nguvu huku umebana gurudumu. Ukizunguka peke yake, haujakazwa.

JAMBO NILILOLISAHAU

Hapa, ndugu zangu, ndipo nilipotaka kuwafikisha, nami siandiki bila aibu.

Mwaka jana, wakati wa likizo, mdogo wangu aliye darasa la sita aliniomba nimtengenezee baisikeli ili apeleke mahindi kinuni. Nilikuwa nimekwisha kujiona fundi. Nikashusha kiti kwa kipimo cha miguu yake, nikatumia uzi na nati, nikashusha na usukani sentimeta tano ili mikono yake ifike. Akapanda, akakaa vizuri kama mfalme. Nikampiga bega nikamwambia, "Haya, nenda."

Sasa, baisikeli zile kubwa za chuma mara nyingi hazina breki za waya. Zina breki za fito: fito za chuma hutoka penye mkono wa breki katika usukani, hushuka, na kuvuta mipira juu ikagusa rimu kwa ndani. Ukiushusha usukani, fito nazo zashuka, na mipira yaachana na rimu. Ukiupandisha, mipira yavutwa mpaka yakwaruza rimu muda wote. Kwa hiyo kila usukani ubadilishwapo, vishikizo vya fito lazima vilegezwe na kukazwa upya. Nilijua hivyo, maana yule mzee alikuwa amekwisha kunionyesha. Nilisahau kwa sababu nilikuwa nikitazama jinsi mdogo wangu alivyokaa vizuri.

Kutoka kwetu kwenda kinuni kuna mteremko ushukao mpaka bonde la mafunjo, na chini kabisa daraja dogo la bomba la saruji. Alipobana breki, ile ya mbele haikugusa kitu, na ya nyuma ilishika kidogo tu. Hakutaka kuwagonga wanawake waliokuwa wakipanda na maji, akageuza upande wa mtaro. Mfupa wa mkono wa kushoto ulivunjika. Alikaa na plasta majuma sita, na mtihani wa muhula ule hakuufanya. Mahindi tuliyaokota kwenye majani pamoja na wale wanawake aliowaepuka, nao walinitazama bila kusema neno. Afadhali wangenigombeza.

Mdogo wangu hakunilaumu. Aliponitazama hospitalini alisema tu, "Kaka, kiti kilikuwa kizuri." Neno hilo silisahau. Kiti kizuri kilimfanya aiamini baisikeli, naye aliiamini kwa sababu aliniamini mimi.

Basi nina sheria moja ambayo siivunji tena: raha ya kukaa haijakamilika mpaka breki zimejaribiwa. Ukimaliza kubadili lo lote, fanya haya. Inua gurudumu la mbele, lizungushe, ubane breki: lisimame mara moja. Liachie: lizunguke bila kukwaruza. Fanya vivyo hivyo nyuma. Kisha simama kando ya baisikeli, bana breki ya mbele, uisukume mbele kwa nguvu: gurudumu la mbele likatae kuzunguka. Geuza usukani kushoto kabisa na kulia kabisa, utazame kama fito au waya hazikwami. Mwisho panda mwenyewe mahali tambarare, polepole, kabla hujamkabidhi mtu mwingine. Kazi hii ni ya dakika tano. Mfupa wa mkono ulitaka majuma sita.

MZIGO NAO HUKAA

Baisikeli iliyopimwa vizuri kwa mtu mmoja huweza kuharibiwa na mzigo. Lita 20 za maji zina uzito wa kilo 20. Madumu mawili ni kilo 40, karibu uzito wa mtoto mkubwa. Mzigo ukiwa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, huinua la mbele, na usukani huwa mwepesi kama wa mchezo. Kwa hiyo vuta mzigo mbele, karibu na kiti, uuweke chini kadiri uwezavyo, na uzito uwe sawa pande mbili. Dumu moja likifungwa kushoto peke yake, mwili wako utapinda kulia safari nzima, na jioni utasema kiti ndicho kibaya.

Nilipomtembelea mjomba wangu huko Mbale niliona wanaume wakishusha ndizi kutoka pande za vilima vya Wanale. Mikungu ilikuwa mingi hata mwenye baisikeli hakuonekana. Wao hawapandi, hutembea kando yake wakiizuia. Nilidhani ni kukosa nguvu, kumbe ni busara. Wanajua kwamba mzigo ule ukizidi breki kwenye mteremko, hakuna kiti kitakachowasaidia.

SHERIA NI MOJA DUNIANI

Msidhani kwamba mambo haya ni ya watu wa vijijini tu. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu katika mashindano makubwa ya kuizunguka Ufaransa, akatwaa jezi ya kijani, Mwafrika mweusi wa kwanza kuipata. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa jirani zetu wa Rwanda, mara ya kwanza katika bara letu. Waendeshaji wa namna hiyo wana mafundi wanaopima viti vyao kwa milimeta.

Hata katika michezo tusiyoijua, habari ni ile ile. Yuko Brolin Mawejje, mzaliwa wa Uganda aliyekulia Marekani, ambaye amejulikana kwa kuteleza juu ya theluji akisimama juu ya ubao mmoja. Katika mchezo huo miguu yote miwili hufungwa ubaoni kwa vishikizo vyenye skrubu. Mtu hupima kwanza nafasi kati ya miguu, iwe karibu na upana wa mabega, kisha huelekeza vidole nje kidogo kadiri magoti yake yapendavyo, ndipo hukaza. Akikosea, magoti humwuma na ubao haumtii. Kama ningekuwapo ningemwelewa, ijapokuwa theluji sijaigusa.

MWISHO

Kila Jumamosi saa nne asubuhi mimi na wenzangu wawili tutakuwa chini ya mwembe ulio nyuma ya karakana, na spana, utepe, uzi wenye nati, na atlasi kuukuu iliyokwisha kupoteza jalada. Njoni na baisikeli zenu, hatutozi kitu. Mdogo wangu naye huja, na kazi yake ni moja: hakuna baisikeli iondokayo mpaka yeye amebana breki zake kwa mkono ule uliovunjika.

Nanyi wakubwa wetu mliomaliza shule, nina ombi. Wengi wenu mmepata kazi, wengine mmenunua pikipiki, na baisikeli ya zamani mwampa mdogo wako au mpwa wako ili aendee shule. Ni zawadi njema sana. Mimi mwenyewe nilisoma kwa zawadi ya namna hiyo. Lakini msimpe baisikeli yenye kipimo cha miguu yenu. Mpeni pamoja na nusu saa na spana moja. Mwambieni apande azunguke mti mara mbili, nanyi mtazame miguu yake.